Sekta mbovu kwenye diski za seva: kuzisoma dalili na kuuwezesha mfumo ujirekebishe

Sekta ni kipande kidogo kabisa ambacho diski hukisoma au kukiandika kwa mara moja. Kwenye diski za zamani kilikuwa na baiti 512. Kwenye nyingi zilizotengenezwa tangu mwaka 2011 kina baiti 4096, ingawa baadhi ya diski hizo huendelea kujitambulisha mbele ya kompyuta kana kwamba zina sekta za baiti 512. Pamoja na data, kila sekta hubeba msimbo wa kusahihisha makosa. Sekta huhesabiwa kuwa mbovu pale diski inapokuwa imerudia kuisoma mara nyingi, imeutumia msimbo huo, na bado haikupata data ya kuaminika. Mwongozo huu unawahusu wasimamizi wa seva za Linux zenye diski za sumaku zilizopangwa katika RAID ya programu (kundi la diski, hapa liitwalo safu, linalotumika kama diski moja na kuweza kurejesha data ya diski iliyoshindwa) inayoendeshwa na mdadm, au katika ZFS, mfumo wa faili unaoendesha safu zake wenyewe. Diski za chipu (SSD) zimepewa nafasi ndogo tu, kwa sababu huharibika kwa namna yake.

Kabla ya kuingia katika dalili, ni lazima kanuni moja ieleweke, kwa maana wengi wanaohangaika na sekta mbovu huhangaika kwa kutoijua. Diski iliyoshindwa kabisa kuisoma sekta haiwezi kuibadilisha papo hapo, kwa kuwa haina nakala nyingine ya kilichokuwamo. Ingeweka nini katika sekta mpya? Inachofanya ni kuitia sekta hiyo katika orodha ya zinazosubiri, ambayo katika taarifa za SMART, yaani hesabu za afya ambazo diski hujitunzia, ni kipengele namba 197, na kungoja iandikiwe. Ikiandikiwa, diski hujaribu mahali palepale. Pakikubali, sekta hutolewa kwenye orodha bila kubadilishwa, na pakikataa, data huwekwa katika moja ya sekta za akiba na hesabu ya kipengele namba 5 hupanda. Ugunduzi, basi, huja kwa kusoma, matengenezo huja kwa kuandika, na anayeandika lazima awe na nakala sahihi.

Mwenye nakala hiyo si diski yenyewe bali tabaka lililo juu yake. Kosa la kusoma linapotoka kwenye diski moja, kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) huikokotoa data iliyokosekana kutoka kwenye diski nyingine za safu, huiandika mahali palipokosea, kisha huisoma tena ili kuthibitisha. Ikifanikiwa, logi hupata mstari wenye maneno read error corrected, pamoja na jina la diski na mahali penyewe. ZFS hufanya vivyo hivyo na huzidi hapo, kwa kuwa kila bloku ina hesabu ya uhakiki iliyotunzwa mbali na bloku yenyewe, hivyo hugundua hata data iliyosomwa bila kosa lolote lakini ambayo siyo ile iliyoandikwa. Mfumo wa faili wa ext4 ulio juu ya diski moja isiyo na mwenzake hauna pa kuichukua nakala; hapo hakuna matengenezo ya kujiendesha, kuna nakala rudufu tu.

Kipengele namba 197 kimepanda, lakini hakuna mtumiaji aliyelalamika

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na ndiyo nyepesi zaidi kutibu ikiwahiwa. Sababu yake mara nyingi ni sekta iliyoharibika katika sehemu ambayo hakuna aliyeisoma kwa miezi kadhaa. Sababu nyingine, inayosahaulika, ni umeme kukatika wakati diski iko katikati ya kuandika: data na msimbo wake havilingani tena, sekta haisomeki, na hali uso wa diski ni mzima kabisa. Seva iliyo katika jengo ambalo umeme wake hauaminiki na UPS yake imechoka inaweza kuonyesha sekta chache zinazosubiri baada ya kila kukatika, zikatoweka mara zinapoandikiwa, bila kipengele namba 5 kusogea hata kidogo. Mwenendo huo wa namba unamwelekeza msimamizi kwenye betri ya UPS kabla ya kumwelekeza kwenye duka la diski.

Tiba ni kuilazimisha safu nzima isomwe. Kwa mdadm, andika neno check katika faili /sys/block/md0/md/sync_action na ufuatilie maendeleo katika /proc/mdstat. Ingawa jina lake ni ukaguzi, kazi hiyo hurekebisha kila kosa la kusoma inalokutana nalo. Kwa ZFS, amri ni zpool scrub ikifuatwa na jina la hifadhi (pool), yaani kundi la diski za ZFS. Ukaguzi ukiisha, soma SMART upya. Ikiwa namba 197 imerudi kwenye sifuri, kazi imekwisha, isipokuwa kuandika tarehe na hesabu mpya ya namba 5 mahali utakapoziona tena.

Isiporudi, sababu kwa kawaida ni kwamba sekta hiyo iko nje ya eneo lililokaguliwa. ZFS hukagua bloku zenye data pekee, haigusi nafasi tupu. Mdadm hukagua safu yote lakini haiendi nje ya kizigeu (sehemu ya diski iliyotengwa) ilichopewa. Endesha jaribio refu la SMART kwa smartctl -t long kwenye diski husika, kisha smartctl -l selftest itakuonyesha anwani ya sekta ya kwanza iliyoshindikana. Linganisha anwani hiyo na mipaka ya vizigeu. Ikiwa umethibitisha kwamba haimo ndani ya data, hdparm --write-sector itaiandikia sifuri na kuimaliza. Amri hiyo hudai uandike kwa urefu kwamba unajua unachokifanya, na dai hilo si la mzaha: tarakimu moja ikikosewa, utakuwa umefuta sekta nzima isiyo na hatia. Penye shaka, ni salama zaidi kuitoa diski kwenye safu kwa utaratibu, kuiandikia yote, na kuirudisha ijengwe upya, almradi safu ina uwezo wa kuvumilia kupungukiwa na diski nyingine wakati huo.

Seva inaganda kwa nusu dakika au zaidi, kisha diski inatupwa nje ya safu ingawa inaonekana nzima

Hapa matengenezo ya kujiendesha yapo, lakini yanakatizwa kabla ya kuanza, na kisa chake kinastahili kuelezwa taratibu kwa sababu hukutwa sana kwenye seva zilizojengwa kwa diski za kompyuta za mezani.

Diski ya mezani hudhani kwamba iko peke yake na kwamba data iliyomo haina nakala, hivyo ikikutana na sekta ngumu huendelea kujaribu, pengine kwa dakika mbili au zaidi. Kerneli ya Linux, kwa upande wake, huisubiri diski kwa sekunde 30 tu. Muda huo ukipita bila jibu, kerneli haichukulii kwamba kuna sekta moja mbovu. Huchukulia kwamba diski haijibu, na huiwasha upya njia ya mawasiliano. Katika logi utaona maneno hard resetting link. Diski ikiwa bado imezama katika majaribio yake, haijibu hata hapo, na mdadm inapojaribu kuandika data sahihi mahali palipokosea, uandishi nao hushindwa. Kosa la kuandika ni zito kuliko la kusoma, hivyo diski nzima yenye terabaiti kadhaa za data njema hutolewa nje kwa ajili ya sekta moja ambayo ingeweza kurekebishwa kabla mtumiaji hajaona chochote. Safu hubaki bila kinga, ujenzi mpya huanza, diski zilizobaki husomwa zote kwa mkupuo, na ikiwa mojawapo nayo ina sekta iliyojificha, tatizo dogo huwa limezaa msiba.

Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya seva hukata tamaa mapema, kwa kawaida baada ya sekunde 7, zikijua kwamba kuna mwenye nakala juu yao. Angalia za kwako kwa smartctl -l scterc. Ikiwa diski inakubali mpangilio huo lakini umezimwa, uwashe kwa smartctl -l scterc,70,70, ambapo 70 ni sehemu za kumi za sekunde. Kwenye diski nyingi mpangilio hupotea umeme unapozimwa, hivyo ni lazima uwekwe katika hati inayoendeshwa kila seva inapowaka. Ikiwa diski haiukubali kabisa, fanya kinyume: iambie kerneli iwe na subira, kwa kuandika 180 katika faili ya timeout iliyo chini ya /sys/block/sdb/device. Watumiaji watasubiri muda mrefu siku kosa litakapotokea, lakini diski haitatupwa. Kwa maoni yangu, huu ndio ukaguzi wa kwanza kufanywa kwenye seva yoyote unayokabidhiwa na mtu mwingine, kabla hata ya kuangalia kama imejaa.

Logi imejaa makosa, lakini vipengele namba 5 na 197 viko kwenye sifuri

Usinunue diski. Tazama kipengele namba 199, kinachohesabu makosa yaliyotokea data ilipokuwa ikisafiri kati ya diski na kontrola, yaani kifaa kinachoziunganisha diski na seva. Kikipanda, pamoja na neno ICRC kuonekana katika logi, mshukiwa ni kebo, soketi yake au ubao ambao diski huchomekwa. Badilisha kebo, kisha fuatilia: namba hiyo hairudi nyuma kamwe, kwa hiyo kinachotazamwa ni kama imeacha kupanda. Makosa yakizikumba diski kadhaa kwa dakika ileile, chunguza kontrola na usambazaji wa umeme ndani ya seva, kwani diski tatu hazikubaliani kufa pamoja.

Neno la kulitafuta unapotaka kuhakikisha kwamba tatizo ni la uso wa diski kweli ni UNC kwa diski za SATA, au medium error kwa zilizo nyuma ya mfumo wa SCSI na SAS.

Kipengele namba 5 kinapanda kidogo kidogo

Sekta imebadilishwa, data iko salama, mfumo umefanya kazi yake. Je, diski ibaki? Watafiti wa Google waliochapisha mwaka 2007 uchunguzi wa diski zaidi ya laki moja zilizokuwa kazini walikuta kwamba diski iliyopata kosa lake la kwanza katika ukaguzi wa uso ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 zilizofuata kuliko isiyo na kosa hilo. Lakini walikuta pia kwamba zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha lolote katika dalili nne kubwa za SMART. Yaani dalili ikija, iaminiwe. Isipokuja, isichukuliwe kuwa cheti cha afya.

Ninachokipima mimi ni mwendo zaidi ya kiasi. Diski iliyobadilisha sekta 8 miaka miwili iliyopita na haijaongeza hata moja tangu hapo inaweza kuendelea, hasa katika safu inayovumilia kufa kwa diski mbili. Diski iliyopanda kutoka 0 hadi 8, kisha 24, kisha 60 katika kaguzi tatu za mwezi iondolewe ikiwa bado inasomeka, kwa kuwa kuiondoa ikiwa hai ni rahisi mno kuliko kuingoja ife. Hapa ndipo matengenezo ya kujiendesha huwa na hatari yake: yanafanya kazi kimyakimya, na msimamizi asiyehesabu ni mara ngapi mfumo umejirekebisha hujulishwa siku ambayo hauwezi tena.

Ujenzi wa diski mpya umekwama kwa sababu diski nyingine nayo imetoa kosa

Katika RAID 5, safu inayovumilia kufa kwa diski moja tu, ikishapoteza diski hiyo hakuna tena pa kukokotoa sekta inayoshindwa kusomeka kwenye diski zilizobaki. Watengenezaji wa diski za mezani kwa kawaida hutaja kiwango cha juu cha kosa moja lisilosahihishika kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14 zinazosomwa, ambazo ni takriban terabaiti 12.5, na wale wa diski za seva hutaja kipeo cha 15. Namba hizo ni mipaka ya dhamana, si utabiri, na diski nyingi hufanya vizuri kuliko hapo. Hata hivyo zinaeleza kwa nini safu kubwa ya RAID 5 ambayo haijawahi kukaguliwa hukwama pabaya. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2007, uliofuatilia diski milioni 1.53 katika mifumo ya NetApp kwa miezi 32, ulikuta asilimia 3.45 ya diski zikiwa na sekta mbovu zilizojificha, na sehemu kubwa ya sekta hizo iligunduliwa na ukaguzi wa ratiba, si na watumiaji waliofungua faili zao.

Ukiwa tayari umekwama, zima safu na uache kujaribu tena na tena. Nakili diski yenye kosa kwenye diski mpya kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zenye kasoro, ukitumia faili yake ya ramani ili kazi iendelee ilipoishia ikikatika. Kisha jenga safu kwa nakala hiyo. Utapoteza sekta chache badala ya safu nzima, na utalazimika kuzitafuta faili zilizozibeba na kuzirejesha kutoka kwenye nakala rudufu. Ukiwa hujakwama bado, na diski inayozeeka bado inaitika, usiitoe kwanza. Chomeka mpya kando yake, iongeze kwenye safu kama akiba, na utumie mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdb1 --with /dev/sde1: data hunakiliwa moja kwa moja kutoka kwa ya zamani, na pale tu inaposhindwa kusomeka ndipo diski nyingine huombwa msaada. Kwa ZFS, amri ya zpool replace hufanya hivyo pia iwapo diski ya zamani imeachwa mahali pake.

Jambo moja la mdadm huwachanganya watu baada ya hapo. Huweza kutunza orodha yake ya bloku mbovu, tofauti na ile ya diski, na ujenzi uliokutana na sekta zisizokokotoleka huweza kuziingiza katika orodha ya diski mpya isiyo na kasoro yoyote. Ukiona makosa ya kusoma mahali palepale hata baada ya kubadilisha diski, angalia kwa mdadm --examine-badblocks.

Ukaguzi umekuta tofauti, lakini hakuna sekta iliyoshindwa kusomeka

Faili ya mismatch_cnt ikiwa na namba isiyo sifuri, nakala au pariti (hesabu ya ziada inayotumika kukokotoa data iliyokosekana) hazikubaliani. Kishawishi ni kuandika repair na kulala. Fahamu kwamba mdadm haijui nani mkweli: katika RAID 1, ambamo kila diski ina nakala ileile, huchukua nakala moja na kuifuatisha kwa nyingine, na katika RAID 5 huiamini data na kuikokotoa pariti upya. Katika RAID 1 yenye eneo la swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) tofauti kidogo zinaweza kutokea bila hatari yoyote. Kwingineko, linganisha faili na nakala rudufu kwanza.

ZFS humjua mkweli. Namba iliyo chini ya CKSUM (makosa ya hesabu ya uhakiki) katika zpool status ikipanda kwa diski moja, mshuku diski hiyo na kebo yake. Ikipanda kwa diski zote kwa pamoja, pima kumbukumbu ya RAM na kontrola. Faili zilizoorodheshwa na zpool status -v hazina tena nakala njema ndani ya hifadhi. Zirejeshe kutoka nje, kisha endesha zpool clear na ukaguzi mwingine.

Hakuna onyo lolote lililowahi kufika

Hii nayo ni dalili. Mara nyingi smartd, programu inayofuatilia SMART na kutuma maonyo, haikuwashwa, au barua zake zinakwenda kwa root wa seva ambaye hakuna anayemsomea. Mstari mmoja katika smartd.conf unatosha seva nyingi: DEVICESCAN -a -s (S/../.././02|L/../../6/03) -m ikifuatwa na anwani ya barua, ambao huamuru jaribio fupi kila siku saa nane usiku na refu kila Jumamosi saa tisa usiku. Ongeza -M test kwa muda, uwashe huduma upya, na usiondoke mpaka barua ya majaribio imefika. Diski zilizo nyuma ya kadi ya RAID hazionekani kwa njia hiyo. Kwa kadi za MegaRAID zitaje moja moja kwa -d megaraid,0 na kuendelea.

Kwenye Debian, ukaguzi wa mdadm hupangwa Jumapili ya kwanza ya mwezi na wa ZFS Jumapili ya pili. Ratiba hizo ni nzuri, lakini seva inayozimwa mwishoni mwa wiki ili kuokoa umeme haitakaguliwa kamwe, na hakuna ujumbe utakaokuambia hivyo. Pia jaribio refu la SMART lisigongane na ukaguzi wa safu, kwani vyote viwili vitachelewa na watumiaji watakuwa wa kwanza kujua.

Kwa diski za chipu, sahau namba 197. Zile za NVMe hutaja makosa ya kusoma chini ya Media and Data Integrity Errors, akiba iliyobaki chini ya Available Spare, na uchakavu chini ya Percentage Used. Kanuni ya ukaguzi wa safu, hata hivyo, haibadiliki.

Diski iliyotolewa inaweza kupimwa kwa badblocks -w, ambayo hufuta kila kitu, ili kuamua kama inafaa kazi isiyo muhimu. Ikiwa ilibeba taarifa za wateja, kumbuka kwamba sekta zilizobadilishwa bado zina data ya zamani na kuandikia sifuri kwa njia ya kawaida hakuzifikii. Kwa diski za ATA tumia ufutaji wa usalama ulioimarishwa, yaani hdparm --security-erase-enhanced, na kwa zisizoukubali, vunja sahani zake.